Mtindio wa ubongo: Usidhani ni lazima mtoto akonde

Kuna maneno ambayo mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo huyasikia mara kwa mara, kwa jirani, kwa shangazi, na hata kwenye foleni ya kliniki: "Hawa watoto ndivyo walivyo, hawanenepi." Maneno haya husemwa kwa nia ya kufariji. Lakini yamewafanya wazazi wengi kukaa na mtoto anayekonda mwezi baada ya mwezi wakidhani wanautazama ugonjwa wenyewe, kumbe wanaitazama njaa.

Juma hili tutajifunza namna ya kutambua matatizo ya kula na utapiamlo kwa mtoto mdogo mwenye hali hii. Jambo kuu la kukumbuka ni moja: kukonda si sehemu ya mtindio wa ubongo. Kuna sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo huonekana ukikaa na kuutazama mlo mmoja kwa makini, tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho.

Kwa nini kula ni kazi ngumu

Mtindio wa ubongo, ambao wauguzi na wazazi wengi huuita kwa herufi zake mbili, CP, hutokana na ubongo kuumia au kutokua ipasavyo ungali mchanga. Miongoni mwa visababu vyake ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, macho na ngozi kugeuka manjano kupita kiasi katika siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, na malaria inayopanda kichwani. Si laana, wala hauambukizwi. Jeraha lenyewe katika ubongo haliongezeki, lakini ubongo hushindwa kuiongoza misuli vizuri. Misuli mingine hukakamaa, mingine hulegea.

Watu wengi huangalia miguu na mikono tu. Huuliza, "Atatembea lini?" Husahau kwamba midomo, ulimi, taya na koo pia huendeshwa na misuli. Mtoto asiyeweza kuutuliza mkono wake mara nyingi hawezi kuutuliza ulimi wake vile vile. Ulimi husukuma chakula nje badala ya kukirudisha nyuma. Midomo haifungiki, mate na uji humwagika. Taya huuma kijiko na kukatalia hapo.

Ili uelewe vyema, fanya jaribio hili dogo. Inua kichwa chako, utazame dari, kisha jaribu kumeza mate. Utaona ni vigumu, na koo linaonekana kujibana. Hivyo ndivyo mambo yalivyo kwa mtoto anayelishwa akiwa amelazwa chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma. Tofauti ni kwamba wewe unaweza kukirudisha kichwa chako mahali pake. Yeye hawezi.

Utafiti uliofanywa Turkana na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya utapiamlo kuliko watoto wa majirani, na hata kuliko watoto wengine wa familia zao. Hebu fikiria maana yake. Chungu ni kimoja, ugali ni mmoja, lakini mtoto mmoja anakonda. Hivyo basi, umaskini peke yake si jibu. Lazima tutazame jinsi chakula kinavyotoka kwenye sahani na kufika tumboni.

Dalili wakati wa kula

Dalili ya kwanza huweza kuonekana mapema sana, wakati wa kunyonya. Mtoto hunyonya kwa udhaifu, maziwa humtoka pembeni mwa mdomo, huchoka na kulala kabla hajashiba, au hukakamaa na kujirusha nyuma kila anapowekwa titini. Mama wengi huambiwa hawana maziwa ya kutosha. Huenda maziwa yapo, ila mtoto hana nguvu za kuyavuta. Mama wa namna hii ahitaji msaada wa kukamua maziwa na kumnywesha mtoto kwa kikombe au kijiko. Asiharakishwe kuacha kunyonyesha.

Dalili ya pili ni muda. Tazama saa. Mlo wa mtoto unaochukua zaidi ya dakika 30, siku baada ya siku, ni ishara ya tatizo. Mlo wa saa nzima humchosha mtoto kiasi cha kutumia nguvu nyingi kwa chakula kidogo. Vile vile humchosha anayemlisha.

Dalili ya tatu ni kukohoa na kupaliwa. Kila mtoto hupaliwa siku moja moja. Lakini mtoto anayekohoa karibu katika kila mlo, anayetokwa na machozi, anayebadilika rangi usoni au anayepumua kwa kasi baada ya kula, huenda chakula kinaingia kwenye njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Matokeo yake ni kifua kinachorudi kila mara na nimonia zisizokwisha. Ikiwa mtoto wako ametibiwa kifua mara kadhaa mwaka huu, mwulize daktari kama chanzo ni jinsi anavyomeza.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Baadhi ya watoto hawa hawakohoi kabisa hata chakula kinapoingia mapafuni, kwa sababu hata ile nguvu ya kukohoa ni dhaifu. Kwa mtoto kama huyu, sikiliza sauti yake baada ya kumeza. Ikiwa ina majimaji, kana kwamba kuna kitu kinachochemka kooni, hiyo ni dalili. Homa zisizoeleweka na pumzi yenye mkoromo ni dalili pia.

Dalili ya nne ni mtoto kukataa chakula. Akikunja uso akiona kijiko, akilia, akijipinda mgongo kama upinde, usikimbilie kusema ni mkaidi. Huenda ana maumivu. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupandisha chakula na tindikali kutoka tumboni, na kifua huwaungua. Wengine wana meno yaliyooza, au ufizi uliovimba, jambo ambalo huweza kuletwa na baadhi ya dawa za kifafa. Wengine wamefunga choo kwa siku nne au tano, na tumbo lililojaa halina nafasi ya chakula.

Aidha, chunguza saa ambayo mtoto hupewa dawa. Baadhi ya dawa za degedege humfanya asinzie, na mtoto anayesinzia hawezi kumeza salama. Usiache dawa wala kuipunguza mwenyewe. Mweleze daktari, naye ataangalia kipimo na saa za kuitoa.

Dalili mwilini

Macho ya mzazi hudanganyika, maana humwona mtoto kila siku. Kipimo hakidanganyiki. Kile kitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki kina chati ya uzani. Tatizo ni kwamba wazazi wengi hukiweka kabatini mara chanjo zinapokwisha, ile ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Kupima uzani kunapaswa kuendelea hadi mtoto atimize miaka mitano, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ndiye anayehitaji zaidi. Mstari wa uzani ukilala kwa miezi miwili au mitatu mfululizo, au ukishuka, usingoje.

Kama mtoto hawezi kusimama wala kuketi kwenye mzani, jipime wewe ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako. Tofauti ndiyo uzani wake. Kimo chake ni vigumu kukipima miguu ikiwa imekunjamana, kwa hivyo wahudumu wa afya hutumia pia tepe yenye rangi tatu inayozungushwa kwenye mkono, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo cha chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5, rangi ya manjano, ni onyo. Kliniki wakisahau kumpima mkono, waombe wampime. Ni haki yake.

Usidanganywe na uvimbe. Mtoto mwenye nyayo zilizojaa na uso wa mviringo si mnono. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Kama shimo linabaki pale pale kwenye miguu yote miwili, huenda hiyo ni kwashiakor, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili nyingine ni nywele nyepesi zinazong'oka kwa urahisi, ngozi inayobambuka, viganja na midomo iliyopauka kwa upungufu wa damu, vidonda visivyopona, na mtoto aliyepoa kupita kawaida yake. Mkojo kidogo wenye rangi nzito huonyesha kwamba maji hayamfikii, pengine kwa sababu mengi humwagika kidevuni. Mifupa pia huathirika. Mtoto anayefungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa mchana kutwa, kwa aibu au kwa kukosa wa kumtoa, hukosa jua, na jua ndilo hulipa ngozi uwezo wa kutengeneza vitamini D.

Kwa nini tusisitize uzani namna hii? Uchunguzi mkubwa wa kumbukumbu za watoto wenye mtindio wa ubongo katika jimbo la California, Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa waliokuwa na uzani mdogo mno walikuwa na maradhi mengi zaidi na hatari kubwa zaidi ya kufa. Mtoto aliyedhoofika pia hana nguvu za kufanya mazoezi. Unaweza kulipa nauli ya matatu kila juma kumpeleka kunyooshwa viungo, na asipige hatua, kwa kuwa misuli inayonyooshwa haina chakula.

Mtego wa uji mwembamba

Mtoto anaposhindwa kutafuna, nyumba nyingi huchagua njia moja: uji. Na kwa kuwa uji mzito haupiti kwenye chupa, huongezwa maji, hata tundu la chuchu ya chupa likapanuliwa kwa sindano. Hapo mtoto hupata hasara mara mbili. Kwanza, tumbo lake dogo hujaa maji, chakula kikiwa kidogo. Pili, kitu chepesi hukimbia kooni kwa kasi kabla hajawa tayari kumeza, naye hupaliwa.

Kwa watoto wengi, chakula laini na kizito kiasi, kile kinachokaa juu ya kijiko bila kudondoka, huwa salama zaidi na chenye nguvu zaidi. Viazi vitamu, ndizi, malenge au viazi vilivyopondwa vizuri vinafaa. Changanya na ndengu au maharagwe yaliyochujwa maganda, yai lililoiva na kupondwa, omena iliyosagwa, parachichi, au siagi laini ya njugu. Usimpe njugu nzima kamwe.

Mafuta ni rafiki wa mtoto huyu. Kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya kupikia kina takriban kaloria 40. Mtoto anayelishwa mara tano kwa siku, akiongezewa kijiko kimoja katika kila mlo, amepata kaloria 200 zaidi bila kumeza chakula kingi zaidi. Mlishe kidogo kidogo mara nyingi, badala ya kumlazimisha bakuli kubwa mara tatu.

Anayelisha ndiye anayejua

Katika miji yetu wazazi wengi hutoka alfajiri na kurudi usiku. Anayemlisha mtoto ni yaya, nyanya, au dada yake mkubwa. Mama akirudi huuliza, "Amekula?" Hujibiwa, "Amekula." Na si uongo, maana bakuli ni tupu. Lakini nusu ya uji ulibaki kwenye bibu, na mwingine ulipanguswa sakafuni.

Kwa hivyo, siku moja ya mapumziko, kaa kando na saa, kalamu na karatasi. Mwache yule anayemlisha siku zote afanye kama kawaida yake. Usimkosoe. Andika majibu ya maswali haya:

1. Mtoto ameketi, au amelala? Kichwa kiko wima, au kimeanguka nyuma?
2. Mlo umeanza saa ngapi, na umekwisha saa ngapi?
3. Amekohoa au kupaliwa mara ngapi? Kwa vitu vyepesi au vizito?
4. Ni vijiko vingapi vilivyomezwa kwa kweli, na vingapi vilivyomwagika?
5. Sauti na pumzi yake zikoje baada ya kula?
6. Amecheua au kutapika? Baada ya muda gani?
7. Je, mtoto na anayemlisha wamemaliza kwa utulivu, au kwa machozi?

Fanya hivyo pia kwa siku tatu ukiandika kila alichokula na kunywa, pamoja na siku alizopata choo. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Na unapokwenda hospitali, ikiwezekana, nenda pamoja na yule anayemlisha.

La kufanya kuanzia leo

Mketishe wima, kwenye kiti chenye egemeo au mapajani, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa, miguu ikiwa imekanyaga kitu. Kichwa kiwe katikati, kidevu kimeelekea chini kidogo. Nawe keti mbele yake, macho yenu yakiwa sawasawa. Ukimlisha ukiwa umesimama, atainua kichwa kukutazama, na koo litafunguka vibaya.

Tumia kijiko kidogo kisicho na kina. Weka chakula kidogo, bonyeza ulimi taratibu kwa kijiko, kisha ngoja. Hakikisha amemeza kabla ya kumpa kingine. Akipaliwa, simama, mwinamishe mbele kidogo, mwache akohoe. Akimaliza, abaki wima kwa nusu saa hivi.

Usimbane pua ili afungue mdomo. Usimmiminie uji kwa kiganja akiwa amelala. Njia hizi zimezoeleka katika nyumba nyingi, lakini kwa mtoto huyu zinaweza kuupeleka uji moja kwa moja mapafuni.

Wapi pa kwenda

Anzia kliniki unakopimia uzani, kisha uombe kuonana na mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa tiba ya kazi, ambao hupatikana katika hospitali nyingi kubwa za kaunti. Tiba ya kazi ndiyo hufunza mkao na namna ya kulisha. Chama cha walemavu cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutoa huduma za tiba na vifaa kama viti maalumu. Vituo vya serikali vya EARC, vilivyoanza mwaka 1984, hupima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza kwenye huduma na shule.

Usingojee siku ya kliniki endapo mtoto anapumua kwa kasi huku mbavu zikibonyea, midomo imegeuka rangi ya samawati, hawezi kumeza chochote, hajakojoa tangu asubuhi, amelegea kupita kawaida, miguu yote imevimba, au tepe imeonyesha nyekundu. Mkimbize hospitali.

Wakati mwingine daktari atashauri mtoto alishwe kwa mpira unaopitia puani au tumboni. Wazazi wengi hulia wanapoambiwa hivyo, wakidhani ni mwisho. Sivyo. Mpira humpa mtoto chakula na dawa kwa usalama pale koo linaposhindwa. Mzazi afundishwe vizuri namna ya kuutumia kabla ya kurudi nyumbani.

La mwisho ni namna ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Ukisema tu, "Mtoto hali vizuri," huenda ukaandikiwa dawa ya kuleta hamu ya kula na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Mlo wake unachukua dakika hamsini. Anakohoa akinywa maji. Ametibiwa kifua mara tatu tangu Januari. Uzani wake haujaongezeka kwa miezi mitatu." Sema kama mambo yalivyo kwa mtoto wako, huku karatasi yako ikiwa mkononi. Na akikujibu kwamba watoto hawa ndivyo walivyo, mwombe kwa heshima akuelekeze kwa mtaalamu mwingine.